Jinsi ya Kuchagua Kitanda cha Pembeni cha Mtoto Mchanga: Mwongozo wa Fundi Seremala wa Tabora

Kitanda cha pembeni ni kitanda kidogo cha mtoto kinachofungwa ubavuni mwa kitanda cha wazazi, chenye upande mmoja mfupi ili mama amfikie mtoto na kumnyonyesha bila kushuka chini. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi wake, lakini juu ya godoro lake mwenyewe, kwa angalau miezi 6 ya mwanzo, na kitanda cha namna hii kinatimiza masharti yote mawili. Wateja wanaofika karakana yangu hapa Tabora huanza kwa kuuliza bei ya mninga na michoro ya nakshi. Mimi huwauliza vipimo vya kitanda wanacholalia wao, kwa kuwa kitanda cha mtoto kisicholingana na cha mama hakifai hata kikiwa cha mbao bora kuliko zote.

Hatua ya 1: Pima kitanda cha mama kabla ya kwenda dukani au kwa fundi.

Chukua tepu, pima kutoka sakafuni hadi juu ya godoro likiwa halina mtu, kisha mama alale pembeni kabisa, mahali atakapokuwa akilala, nawe upime tena. Godoro laini la sponji hudidimia zaidi ukingoni kuliko katikati, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuonyesha mambo yatakavyokuwa usiku. Kipimo cha kwanza ndicho cha kumpa fundi: ukingo wa juu wa ule upande mfupi wa kitanda cha mtoto uwe sawa na juu ya godoro la mama, wala usiwe chini yake, kwa sababu ukiwa chini, godoro na shuka za mama huinamia upande wa mtoto. Godoro la mtoto lenyewe liwe chini ya ukingo huo. Mimi huacha sentimita 12, ili mtoto asiweze kubiringika na kuingia kitandani kwa mama, wala mama asimlalie.

Pima pia unene wa mbao ya ubavu wa kitanda cha mama. Vitanda vingi vya mafundi wetu vina mbavu zinazolishika godoro kwa nje, hivyo kitanda cha mtoto kikisogezwa hadi kugusa ubavu, bado hubaki mfereji wa unene wa mbao kati ya godoro la mama na ukingo wa mtoto. Mfereji huo hauzibwi kwa khanga iliyokunjwa wala blanketi, kwa kuwa kitambaa huhama usiku, na mtoto akitumbukiza uso humo hawezi kujinasua. Dawa yake ni papi, yaani ubao mwembamba, yenye unene uleule, ifungwe kwa skrubu kwenye ukingo wa kitanda cha mtoto kwa upande wa nje, ikae juu ya ubavu na kugusana na godoro la mama.

Hatua ya 2: Kagua fito, fremu na viungo.

Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Kopo nene la soda la mililita 330, si lile jembamba refu, lina upana wa takriban sentimita 6.6, kwa hiyo kitanda ambacho kopo hilo linapenya kati ya fito zake ukiache hapohapo. Lisipopenya, bado hakikisha kwa tepu. Nguzo za kona zisijitokeze juu ya fremu na nakshi zisiwe na matundu wala vichomozo, kwa sababu nguo ya mtoto hunasa humo. Najua bibi wa mtoto anapenda maua kichwani mwa kitanda. Yachongwe kwa nje.

Tikisa kitanda kwa nguvu. Kikilia au kuyumba, viungo vyake havikukaza, na nyufa za viungo vilivyolegea ndipo kunguni wanapojificha. Bolti na nati ni bora kuliko misumari, maana zinaweza kukazwa upya.

Ukinunua cha mtumba kilichotoka nje, angalia kama kina ubavu unaopanda na kushuka kwenye reli. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa vitanda vya watoto vya aina hiyo mwaka 2011, baada ya watoto kufa kutokana na ubavu kulegea na kuacha pengo. Bei yake inaweza kukushawishi, usikichukue.

Kuhusu mbao sina maneno mengi. Mninga ni imara na haushambuliwi kirahisi na wadudu, lakini msindano uliokauka vizuri unatosha kabisa kwa kitanda kidogo kama hiki. Pitisha kiganja kila mahali kuhakikisha msasa ulipita sawasawa, na usimlaze mtoto humo mpaka harufu ya vanishi iishe kabisa.

Hatua ya 3: Chagua godoro dogo.

Godoro liwe gumu na bapa, likatwe kwa kipimo cha kitanda chenyewe, wala lisiwe kipande kilichobaki dukani. Libonyeze kwa kiganja: linatakiwa lirudi mara moja bila kuacha shimo. Vidole viwili vikiingia kati ya godoro na fito, pengo limezidi. Mpira wa kuzuia mkojo na shuka moja vibanwe chini ya godoro, basi. Mto wa kutengeneza kichwa, ambao ndugu watauleta kwa nia njema kabisa, hauwekwi, na mtoto alazwe chali. Kwa baridi ya Juni na Julai, mwongeze nguo badala ya kumfunika blanketi zito.

Hatua ya 4: Fikiria chandarua.

Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya malaria nchini, na jambo hili halimo katika maelezo ya vitanda vya dukani. Kitanda cha futi 5 kikiongezewa cha mtoto cha futi 2 kinakuwa futi 7, na chandarua kilichokuwa kikitosha hakitafika. Tafuta kikubwa kinachofunika vitanda vyote viwili, kining'inizwe juu ya mpaka wa vitanda hivyo, na pindo lake lichomekwe chini ya godoro la mtoto kwa upande wa nje likiwa limewambwa, lisimguse usoni.

Hatua ya 5: Funga, kisha jaribu.

Tumia mikanda miwili yenye bizimu, ipite chini ya godoro la mama hadi kwenye ubavu wa mbali wa kitanda chake. Mama alale, ageuke, aketi ukingoni, huku mtu mwingine akitazama kama pengo linafunguka. Likifunguka hata kidogo, kaza upya, na rudia ukaguzi huo kila unapobadilisha shuka.

Mtoto akianza kujigeuza au kujiinua kwa mikono na magoti, jambo ambalo kwa wengi hutokea kati ya mwezi wa 4 na wa 6, muda wa kitanda hiki umekwisha hata kama bado anaenea. Kwa hiyo, unapoagiza, mwambie fundi akutengenezee kabisa ubavu wa nne mrefu na matundu ya bolti ya kuushusha ubao wa chini, ili siku hiyo kigeuke kitanda cha kawaida chenye pande nne.