Una mawazo na uko mbali na Dodoma: kumpata mshauri kwa njia ya simu

Dodoma mtu akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, watu hucheka wakasema "huyu apelekwe Mirembe". Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili iko hapa kwetu, na jina lake limekuwa neno la utani nchi nzima. Utani huo umetugharimu. Nilipokuwa Reading, Uingereza, nikifanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, nilikaa miezi saba bila kulala vizuri. Simu ya nyumbani ikiita tu, moyo unaenda mbio. Na bado nikajiambia: mimi si mtu wa Mirembe, nitavumilia.

Kati ya uzima kamili na kulazwa wodini kuna uwanja mpana sana, na wengi wanaozungumza na washauri nasaha wako humo: ndoa ya mbali imeyumba, zamu zimewachosha, kaka amekula hela za kupaulia nyumba kule Ihumwa. Sasa nimerudi Dodoma, naishi mtaa wa Kisasa, na ndugu walioko nje hunipigia kuuliza nilianzaje. Haya ndiyo ninayowaambia.

Tazama kwanza kilichopo hapo ulipo. Ukiwa England na umejiandikisha kwa daktari wa mtaa, unaweza kuomba tiba ya mazungumzo ya NHS, huduma ya afya ya serikali, wewe mwenyewe, bila barua ya daktari, na hulipi. Vikao vingi hufanyika kwa simu au video, na mkalimani ukimwomba analetwa bure. Watu wetu huogopa kwamba mkalimani wa Kiswahili atakuwa mtu wanayekutana naye msibani. Woga huo una msingi, jamii zetu ni ndogo. Omba mkalimani wa simu kutoka mji mwingine, na omba usitajwe kwa jina. Kwa walioko Marekani na Kanada, ulizeni ofisi ya rasilimali watu kazini kwenu kama mwajiri analipia vikao vya ushauri. Kazi nyingi zina mpango huo na wafanyakazi hawaujui.

Ukitafuta mtu binafsi, hakiki sifa zake. Uingereza yeyote anaweza kujiita mshauri nasaha, sheria haimzuii, kwa hiyo tafuta jina lake kwenye rejista ya chama cha washauri kama BACP kabla ya kulipa. Marekani leseni hutolewa na kila jimbo, na kinachoangaliwa ni mahali alipokaa mteja wakati wa kikao. Ukihama Texas kwenda Minnesota, mshauri wako huenda asiruhusiwe kuendelea nawe.

Na mshauri aliyeko Tanzania? Wapo wazuri, na mkizungumza huhitaji kumweleza mahari ni nini. Lakini barua yake huenda isikubaliwe na mwajiri wako wa huko, bima yako huenda isimlipe, na ukizidiwa usiku hana njia rahisi ya kukuletea msaada mlangoni. Kwa mambo ya kifamilia mimi ningemchagua bila kusita. Kwa wasiwasi uliokufikisha mahali pa kushindwa kwenda kazini, ningeanza na wa nchi unakoishi.

Jambo lililonisumbua kuliko yote ni maneno. Kwetu mtu akisema "nina mawazo", hakuna anayehitaji maelezo: anasumbuka, halali, chakula hakipandi. Mimi nililitafsiri neno kwa neno kwa mshauri wangu wa kwanza. Akanyamaza, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole kama nimepanga kujiua. Hakukosea, kwa lugha ya kazi yake, mtu akisema ana mawazo, hilo ndilo swali linalofuata. Kikao kizima kikaishia kwenye kusahihishana. "Presha imepanda" nayo ni hivyo hivyo: kwetu inaweza kuwa hasira, hofu, au presha yenyewe ya kupimwa zahanati.

Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza, andika kwa Kiswahili kile ambacho mwili unafanya. Unalala saa ngapi, unaamka mara ngapi, kifua kinabana lini, mara ya mwisho kucheka ni lini. Kisha tafuta maneno ya kuyasema hayo kwa lugha ya mshauri. Mwili hautafsiriki vibaya kirahisi.

Mweleze pia ukoo wako, hata kama hajauliza. Yule mshauri alinishauri nisipokee simu za nyumbani kwa mwezi mmoja ili nipumzike. Mimi nilisomeshwa kwa ng'ombe wa baba mkubwa, waliouzwa mmoja mmoja mnadani. Nisipopokea simu yake nitalala vipi? Nilitaka kuacha vikao. Wiki iliyofuata nikamweleza habari ya wale ng'ombe, wote sita, na hapo ndipo kazi ilianza kweli. Tukakubaliana kwamba simu napokea siku zote, ila habari za hela zinazungumzwa Jumapili tu, na baba mkubwa aliambiwa hivyo kwa heshima. Alikubali haraka kuliko nilivyodhani. Ukiona ushauri haubebeki kwenye maisha yako, sema. Ukisema mara tatu usisikilizwe, badilisha mshauri; si utovu wa adabu.

Kuhusu siri: mshauri halisi atakwambia mapema ni lini atalazimika kuivunja, kwa kawaida pale uhai wako au usalama wa mtoto unapokuwa hatarini. Programu za simu ni suala jingine. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliiamuru BetterHelp ilipe dola milioni 7.8 kwa kuzipa kampuni kama Facebook taarifa za wateja walioahidiwa usiri. Soma masharti, usijisajili kwa akaunti ya Facebook. Na kama mnaishi wanne nyumba moja, kikao kifanyie ndani ya gari lililoegeshwa, na spika za masikioni.

Wanandoa waliotengana, mmoja Manchester na mwingine Nkuhungu hapa Dodoma, wanaweza kukaa kikao kimoja na mshauri. Kubalianeni mapema umeme au bando likikatika katikati ya neno zito mtafanya nini. Nawajua waliokaa siku nne wakinuniana, kila mmoja akiamini mwenzake amekata simu makusudi. Lakini kama kuna kipigo au vitisho, msikae kikao cha pamoja. Anayeumizwa atafute msaada peke yake, kwa simu ambayo mwenzake haishiki.

Na kama unafikiria kujidhuru, usisubiri miadi. Marekani na Kanada piga 988, Uingereza piga 116 123, saa yoyote, bila malipo.

Limebaki la saa. Tanzania hatusogezi saa. Uingereza husogeza Machi na Oktoba. Saa kumi na moja jioni ya London wakati wa baridi ni saa mbili usiku Dodoma, na wakati wa kiangazi ni saa moja. Mwandikie mshauri 20:00 ya Dodoma, usiandike "saa mbili", maana kwenye ujumbe hajui kama ni ya usiku, ya asubuhi, au ni saa nane ya mchana kwa kuhesabu kizungu. Na ukipanga kuja Dodoma likizo ya wiki sita, mwulize mshauri wa huko mwezi mmoja kabla kama leseni na bima yake vinamruhusu kukuhudumia ukiwa hapa. Akisema hapana, akupangie vikao viwili vya haraka kabla ya safari na kimoja wiki utakayorudi.