SOMO: Samoni wa kuchambua wa Kijapani (sake fureku), unatengeneza mwenyewe nyumbani

Wapishi wenzangu habari za saa hizi. Leo ni zamu ya sake fureku, yaani samoni aliyechambuliwa vipande vidogo vidogo halafu akakaushwa taratibu kwenye kikaango na viungo vya Kijapani, unamweka kwenye chupa ndani ya friji na asubuhi kazi yako ni kuchota tu na kumwaga juu ya wali wa moto. Huku Japani supamaketi zinauza za chupa, watu wanajazia kwenye onigiri (yale matonge ya wali yanayofungwa na mwani), wanawawekea watoto kwenye bento (boksi la chakula cha kubeba) za shule, wengine wanamwagia chai ya kijani juu ya wali wakala hivyo hivyo, inaitwa ochazuke na ni tamu sana hasa ukiwa huna hamu ya kula. Ila nyingi za dukani mimi naziona zina chumvi kali na nyama imesagika mno. Ya nyumbani unakuta kipande cha samaki mdomoni kabisa, unajua unakula samaki.

MAHITAJI
Samoni gramu 400, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, tangawizi vipande vyembamba vitatu, sake (hapa ni pombe ya mchele, sio ile sake ya jina la samaki) vijiko vya chakula 4, mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia) kijiko cha chakula kimoja na nusu, soya sosi vijiko vya chai 2, mafuta ya ufuta kijiko cha chai 1, na ufuta mweupe uliokaangwa kiasi unachopenda.

Samaki mwenyewe: walio Japani, samoni wa vuli wa Hokkaido anaanza kujaa sokoni mwezi wa 9 mpaka wa 11, nyama yake haina mafuta mengi na inachambuka vizuri sana. Wa Norway au Chile ana mafuta zaidi, huyo fureku yake inakuwa laini, wote wanafaa. Angalia na lebo, maana huku samoni wengi wanauzwa wameshatiwa chumvi, ukiona amajio ni chumvi kidogo, chukara ya kati, karakuchi kali. Ukinunua wa hivyo ile chumvi ya hatua ya kwanza achana nayo. Na kama unabana matumizi ulizia ara, yale mabaki ya mifupa na nyama za pembeni baada ya kukata minofu, bei ni ya chini na kwa fureku ni nyama ile ile.

HATUA YA 1
Paka chumvi pande zote, acha dakika 20 hadi 30. Utaona samaki anatoa maji juu juu, hayo maji ndiyo yamebeba ile shombo, yafute yote na tishu za jikoni. Usiruke hapa jamani, ukiruka viungo vyote utakavyotia baadaye havitaificha.

HATUA YA 2
Chemsha maji kwenye sufuria, tia tangawizi na vijiko 2 vya sake, yakichemka punguza moto ndio uweke samaki. Maji yawe yanatetema tu, yasitokote. Dakika 6 au 7 kulingana na unene, ukigusa na uma nyama inaachana yenyewe. Toa, chuja, acha apoe mpaka mkono uvumilie.

HATUA YA 3
Menya ngozi, kisha chambua kwa vidole, sio kwa uma, kwa sababu vidole ndio vinaihisi miiba. Kwenye minofu ile miiba myembamba imejipanga mstari katikati ya kipande, fuata huo mstari utaipata. Ile nyama ya rangi ya kahawia karibu na ngozi ina harufu nzito, kama ni ya watoto itoe. Acha vipande viwe vikubwa kidogo maana kikaangoni vitaendelea kuvunjika.

HATUA YA 4, hapa ndipo penyewe
Kikaango kisichoshika, moto mdogo, samaki, sake iliyobaki na mirin, vyote pamoja. Wajapani wanashika vijiti vinne kwa mkono mmoja wanazungusha, ndio maana nyama yao inaachana bila kupondeka, wewe ukikosa vijiti tumia mwiko wa mbao lakini geuza kutoka chini, usikandamize. Mwanzo utaona mvuke mwingi na samaki analoana, baada ya dakika 5 hivi mvuke unapungua na ile sauti ya kuchemka inageuka kuwa mchakacho mkavu. Ukisikia hivyo tia soya sosi pembeni ya kikaango iguse chuma kwanza inukie, geuza dakika moja au mbili, zima. Zima akiwa bado na unyevu unyevu, kwa sababu akipoa anaendelea kukauka, ukisubiri akauke jikoni ukija kula kesho anakwaruza koo. Moto ukishazimwa ndio mafuta ya ufuta na ufuta.

Tandaza kwenye sinia apoe kabisa, halafu chupa ya kioo uliyoichemsha ikakauka. Ukifunika akiwa wa moto mvuke unarudi kuwa maji na ataharibika haraka.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Unguja: Asalaam alaykum, sisi hatutumii pombe, hiyo sake na mirin tunafanyaje?
Jibu: Waalaykum salaam dada yangu. Acha zote mbili, usidanganywe kwamba ikipikwa inaisha yote. Kwenye maji ya kuchemshia ongeza tangawizi na kipande cha ndimu. Kikaangoni weka maji vijiko vya chakula 2 na sukari kijiko cha chai kimoja, utamu unatoka vizuri tu. Soya sosi nayo tafuta yenye alama ya halali kwa sababu ile ya kuchachushwa huwa na kilevi kidogo.

Mdau wa Mombasa: Samoni huku ni pesa mob, naweza tumia samaki mwingine?
Jibu: Tumia nguru au jodari, wala huvunji utaratibu, Wajapani wenyewe wanafanya hivi hivi na samaki wanayemwita saba (jamii ya vibua) na chewa. Ila nyama ya nguru na jodari ni kavu, ongeza mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha chakula pale kikaangoni na uwahi kuzima.

Mdau: Na wa kopo je?
Jibu: Anafaa, huyo ameshaiva. Chuja maji, ruka hadi hatua ya 4, onja kwanza kabla ya soya sosi kwani wengi wana chumvi tayari.

Mdau wa Arusha: Wangu alitoa ute mweupe mweupe, ni ameoza?
Jibu: Hapana mkuu, hiyo ni protini ya samaki inaganda ikipata joto. Ikitoka nyingi ujue moto ulikuwa mkali. Samaki aliyeoza utamjua kwa harufu kabla hata hujampika.

Mdau: Inakaa muda gani? Za dukani naona zinakaa miezi.
Jibu: Zile zinafungwa na kupikwa kwa joto kali ndani ya chupa, usizilinganishe. Yako friji siku 4 au 5, na uchote kwa kijiko kikavu kila mara. Friza mwezi mmoja, tia kwenye mifuko midogo ilaze bapa, unavunja kipande unachotaka.

Mdau wa Leicester: Nikifinyanga onigiri kwa basmati inasambaratika.
Jibu: Basmati haitashika kaka, hata mchele wa Mbeya ni hivyo hivyo. Tafuta mchele wa Kijapani wa punje fupi, ufinyange wali ukiwa bado wa moto na mikono umeilowesha maji ya chumvi. Kama huna, weka kwenye bakuli, fureku juu, umemaliza.

Mdau wa Unguja: Na ngozi dada, tunatupa?
Jibu: Usitupe! Ifute ikauke, iweke kikaangoni bila mafuta, moto wa kati, ikandamize na mwiko isijikunje. Ikishakuwa kavu ya kuvunjika ibomoe bomoe uchanganye na ufuta, unyunyize juu ya wali.