Kimbunga kimepita, ufuta bado uko shambani

Usiku wa tarehe 4 Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilitangaza kwamba Kimbunga Hidaya kimepoteza nguvu baada ya kuingia nchi kavu kisiwani Mafia. Watu wa mjini wakashusha pumzi. Wakulima wa Kilwa na Lindi wao waliamka wakakuta ufuta umelala, mihogo imo kwenye madimbwi, na barabara ya Dar es Salaam imekatika eneo la Somanga. Simu za mabwana shamba huanza kulia wakati kama huo, na swali huwa moja: sasa tufanye nini, tuvune au tungoje?

Kwanza tuelewane juu ya hilo neno "kupoteza nguvu". Kimbunga hula joto la bahari. Kikipanda nchi kavu, au kikifika kwenye maji yaliyopoa, upepo wake hukatika upesi, lakini unyevu kilioubeba haukatiki siku hiyo hiyo. Mabaki yake huweza kumwaga manyunyu na mvua za hapa na pale kwa siku moja mbili, wakati mwingine mbali na pale kilipoingilia. Kwa hiyo tangazo la kwamba tishio limekwisha linamhusu zaidi mwenye mashua na mwenye paa la mabati. Wewe mwenye ufuta endelea kusikiliza utabiri wa kila siku na ule wa siku kumi, na uangalie kama mkoa wako bado una angalizo au tahadhari ya mvua kubwa.

Tena vimbunga havifanani. Kilicho karibu huleta mvua, ila kikisimama kwenye Mlango wa Msumbiji huweza kuvuta unyevu wetu wote kwenda kusini. Idai ilifanya hivyo Machi 2019, na masika yakachelewa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Usipande kwa sababu tu umesikia redioni kwamba kuna kimbunga baharini.

Kwa pwani ya kusini, kimbunga cha Mei kikishaondoka kinachofuata kwa kawaida ni upepo wa kusi. Mbingu hufunguka, mchana hukauka, usiku hupoa na umande huwa mzito asubuhi. Huo ndio msaada wetu, lakini unahitaji siku kadhaa, na maji yaliyotuama hayangoji. Mvua ya milimita 75 ikinyesha kwenye ekari moja ni zaidi ya lita 300,000 za maji. Weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, pima kwa rula kila asubuhi saa moja, andika. Mwenye tarakimu zake mwenyewe hababaishwi na "ilinyesha sana".

Ufuta ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu kimbunga cha Mei huukuta ukiwa na pesa tayari. Mizizi ya ufuta haivumilii maji. Yakisimama siku mbili tatu mimea hunyauka kana kwamba imekosa maji, na hapo mtu huangalia majani akadhani ni ugonjwa. Siku ya kwanza, kabla hujagusa kitu kingine, chimba mifereji myembamba kufuata mteremko maji yatoke. Usilime wala kupalilia kwanza. Chukua udongo mkononi, ufinyange: ukishikana kama donge la ugali, acha jembe nyumbani, maana ukikanyaga udongo huo unaushindilia na mizizi inakosa hewa zaidi.

Ufuta uliolala lakini maganda yake bado ni mabichi usiung'oe. Mingi hujiinua yenyewe kwenye ncha na kumalizia kukomaa. Uliokwisha kugeuka njano chini, na maganda ya chini yameanza kubadilika rangi, ukate mara tu mvua ikikatika, asubuhi umande haujakauka ili maganda yasipasuke na kumwaga mbegu. Funga matita membamba kuliko ulivyozoea, kiasi cha kushikwa na mikono miwili, uyasimamishe yakiegemeana juu ya turubai, upepo upite katikati. Kulaza matita mabichi kwenye rundo moja ni kosa ninaloliona kila mwaka: ndani hupata joto, mbegu hugeuka nyeusi na kunuka, na ghalani mzigo hukataliwa au kushushwa daraja. Mbegu za maganda yaliyogusa matope ziweke gunia lake, usizichanganye na safi.

Mahindi yaliyoanguka yaokote mapema. Gunzi lililolala kwenye udongo wenye maji ni nyumba ya ukungu unaotoa sumukuvu, na sumukuvu si hadithi: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kausha juu ya turubai au kichanja, kamwe si chini. Kama huna kipimo cha unyevu, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kuta, nafaka bado ni mbichi. Yenye ukungu usimpe kuku, utaila baadaye kwenye mayai.

Muhogo uliozama ung'oe ndani ya siku chache tu, hata kama haujanenepa. Menya, kata vipande vyembamba vya makopa ili upepo wa kusi uwahi kuvikausha, na usiku uingize ndani kwa sababu ya umande. Shina la kupanda chukua kwenye mmea usio na mabaka wala michirizi.

Mikorosho haina haraka hivyo. Michanga iliyoinama isimamishe wakati udongo bado laini, uiegemeze kwa mti. Matawi yaliyovunjika yakate kwa msumeno, karibu na shina, usiache kisiki chenye nyuzi. Salfa, dawa ya ubwiri unga, usiipige sasa. Ugonjwa huo wa ukungu hushambulia machipukizi mapya na maua, na maua bado.

Jambo la mwisho ni la wenzetu wa bonde la Rufiji, ambako maji ya mto hukaa muda mrefu kuliko kimbunga chenyewe. Wazee wa huko wana kilimo cha mlau: kupanda kwenye udongo uliolowa baada ya mafuriko kushuka, bila kungoja mvua. Anayelima mlau hapandi shamba zima siku moja. Huyafuata maji yanaposhuka, leo mistari michache ya juu, wiki ijayo inayofuata, mahindi ya muda mfupi, maboga, kunde. Weka mbegu akiba nyumbani kabla ya msimu, kwa sababu barabara ikikatika duka la pembejeo nalo huwa tupu, na udongo huo hupasuka nyufa ukishakauka kabla gari la mbegu halijafika.