Kamera ya dijitali ikupimie mwanga wa filamu

Ukisafiri na kamera mbili, ya filamu na ya dijitali, hiyo ya dijitali ifanye kipima mwanga. Chukua Mji Mkongwe, Zanzibar, jua la saa saba: ukuta wa chokaa unawaka, mzee kakaa barazani kivulini (na ruhusa umeshamwomba). Weka ISO (kipimo cha wepesi wa kunasa mwanga) sawa na ya filamu, tuseme 400, piga moja, tazama kioo, kisha hamishia namba (kasi ya shata na uwazi wa lenzi) kwenye ile ya filamu.

Ila usizinakili kichwakichwa. Dijitali ikizidishiwa mwanga, ukuta unakuwa mweupe pe na hakuna cha kurudisha. Negativu ya rangi, ile filamu ya kawaida ya kusafishia picha, yenyewe inachukia giza. Kwa hiyo dijitali ikiridhika na kasi ya 1/250 ya sekunde, filamu mimi naipa 1/125, yaani mwanga maradufu, na uso wa mzee unatoka safi. Filamu ya slaidi, ile ya picha za kutazamwa kwa kupitishiwa mwanga, ndiyo haina msamaha. Iache na namba za dijitali.

Uwanja wa ndege, usizitie filamu kwenye begi linalopakiwa chini, mionzi ya mashine za huko ni mikali. Beba mkononi kwenye mfuko unaoonyesha ndani, umwombe afisa azikague kwa mkono. Wahi mapema, foleni ikiwa ndefu hakuna anayekusikiliza.