Anki, programu ya fleshikadi, kwa wanafunzi wa udaktari (MD): kusoma kitu kikabaki kichwani mpaka wodini

Wadogo zangu mnaoanza MD1, mwaka wa kwanza wa udaktari, hapa chuo cha KCMC Moshi na wale mlioko vyuo vingine, naandika hii kwa sababu kila mwaka naona kitu kilekile, mtu ana akili nzuri kabisa, anapiga msuli kimbweta mpaka saa nane usiku, test ya anatomia anaipiga A, afu akifika MD3 yuko kwenye raundi anaulizwa neva gani inaumia humerasi (mfupa wa juu wa mkono) ikivunjika katikati, kimya. Huyo sio mvivu, alisoma kweli, ila alisoma kwa namna ambayo kitu hakikai. Na udaktari sio somo la kufaulu ukaacha, biokemia ya mwaka wa kwanza inakusubiri kwenye famakolojia, somo la dawa, na famakolojia inakusubiri kitandani kwa mgonjwa ambaye hawezi kukusubiri ukafungue madesa.

Njia inayosaidia ni fleshikadi za kurudia kwa vipindi. Mbele swali, nyuma jibu, unajiuliza, unajibu kichwani kabla hujageuza. Ukipata, kadi inarudi baada ya siku kadhaa, ukipata tena inarudi baada ya wiki mbili, mwezi, miezi mitatu, ukikosa inarudi leoleo. Yani unachokijua kinakusumbua kidogo na unachokikosa kinakufata mpaka ukishike. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana yoyote, akachapisha matokeo mwaka 1885, na akaona baada ya siku moja faida iliyobaki ya kukariri kwake ilikua kama theluthi tu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma, kundi moja likakisoma mara nne, lingine likakisoma mara moja tu afu likajipima mara tatu bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne walikua mbele, ila baada ya wiki moja wao walikumbuka asilimia 40 na waliojipima asilimia 61. Hapo ndo pa kuangalia vizuri, maana ukirudia rudia desa usiku wa kuamkia test unajiona uko fiti na asubuhi kweli uko fiti, ndo maana watu hawaiachi hiyo njia hata kama wiki mbili baadae hamna kitu.

Programu ya kutumia ni Anki, aliitoa Damien Elmes mwaka 2006, kwenye kompyuta ni bure. Kwenye simu ya Android pakua AnkiDroid, nayo bure, na inafanya kazi bila intaneti kabisa, bando unalihitaji tu pale unapotaka kadi za kompyuta na za simu zilingane kupitia akaunti ya AnkiWeb. Wenye iPhone programu yenyewe inalipiwa, ila mnaweza kuingia AnkiWeb kwa brauza mkafanya marudio bure. Kuweni makini dukani, kuna programu zingine zina majina yanayofanana na Anki na sio yenyewe, zinakudai hela baada ya siku chache. Picha ndo zinakula bando, kwaiyo kwenye mipangilio ya kusawazisha zuia picha zisishuke kwa data, subiri waifai ya chuo.

Sasa tuje kwenye kutengeneza kadi, na hapa naomba mtulie kwa sababu wengi wanaoacha Anki wakisema haifai, ukizifungua kadi zao unaelewa kwa nini wameacha. Mtu kachukua slaidi ya lekcha nzima kaibandika nyuma ya kadi, mbele kaandika "Elezea malaria kali". Kadi hiyo huwezi kuijibu, ukikumbuka vitu sita kati ya kumi na mbili umepata au umekosa? Hujui ubonyeze nini, unachoka, kesho huifungui.

Kadi moja, kitu kimoja. Hiyo malaria kali ivunje. "Mtu mzima ana malaria kali, artesuneti ya sindano miligramu ngapi kwa kilo?" Jibu: 2.4. "Mtoto wa kilo 14, miligramu ngapi kwa kilo?" Jibu: 3. "Dozi tatu za mwanzo zinapigwa kwenye saa la ngapi tangu matibabu yaanze?" Jibu: 0, 12, 24. "Kwa nini mtoto chini ya kilo 20 anapewa kubwa zaidi kwa kilo?" Jibu: kwa dozi ileile ya kilo, kiwango cha dawa kwenye damu yake kinakua kidogo kuliko cha mtu mzima. "Sukari ya kiasi gani inahesabika imeshuka kwa mgonjwa wa malaria kali?" Jibu: chini ya 2.2 mmol/L. Kadi tano hizo, kila moja sekunde chache, na ile ya nne ndo naipenda kuliko zote kwa sababu inauliza kwa nini. Kila ukitengeneza kadi ya namba jaribu kutengeneza na ya sababu, namba ikikutoroka sababu inakurudisha karibu.

Afu usitengeneze kadi ya kitu ambacho hujakielewa. Hii naisema kwa msisitizo wote nilionao. Kadi inatunza ulichoelewa, haikuelewishi. Lekcha ya plekshasi ya brakia, ule mtandao wa neva za mkono, imekupita juu? Kachore kwanza, kaulize, kaangalie maiti dissection, mweleze rumeti mpaka umalize bila kukwama, ndo ukae na kadi. Ukikariri usichoelewa utakijua kwa sentensi ileile tu ya kwenye kadi, mwalimu akigeuza swali kidogo umeisha.

Kwa anatomia tumia kadi za picha, Anki ina sehemu ya kufunika majina kwenye picha, unaweka mchoro, unafunika jina la kila neva, kila kifuniko kinakua kadi yake. Ila usiishie kwenye majina. Ongeza kadi za mgonjwa: "Bodaboda kaanguka, humerasi imevunjika katikati, hawezi kunyanyua kiganja, neva gani?" Radiali. "Inapita wapi mpaka iumie hapo?" Mfereji wa nyuma ya humerasi. Swali la namna hiyo utakutana nalo kwenye UE (mtihani mkuu wa chuo) na utakutana nalo kwenye wodi ya mifupa, na bodaboda hapa Moshi hawajaisha.

Vitu vinavyofanana vitengenezee kadi za kuvitofautisha, maana ndo vinavyochanganya kichwa. Dawa za TB kwa mfano, RHZE (rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi, ethambutoli) miezi miwili afu RH miezi minne, hilo rahisi, shida ni madhara yake. Usiandike "madhara ya isoniazidi ni yapi", geuza: "Mgonjwa wa TB anaanza kulalamika haoni rangi vizuri, dawa ipi?" Ethambutoli. "Miguu inawaka moto na ganzi?" Isoniazidi, na hapo ongeza kadi ya vitamini B6. "Mkojo wa rangi ya machungwa?" Rifampisini, na umwambie mgonjwa mapema asiogope. "Jointi imevimba, yuriki asidi iko juu?" Pirazinamidi. Mgonjwa anakuja na dalili, haji na jina la dawa, kwaiyo kadi nayo ianzie kwenye dalili.

Ngapi kwa siku? Hapa watu wanajiua wenyewe. Anki ukiifungua imeshawekwa kadi mpya 20 kwa siku, mtu anaona 20 ni chache anaweka 100. Kanuni ya kukisia ni kwamba ukiingiza mpya 20 kila siku bila kuacha, baada ya muda marudio yatafika kama 200 kwa siku. Ukiweka 100 piga hesabu mwenyewe. Anza na 15 au 20, ubaki hapo semista nzima, ukiona marudio yanaisha bila kukukaba ndo uongeze kidogo. Marudio kwanza, mpya baadae, kila siku hata Jumapili. Huhitaji kukaa chini masaa, kuna dakika za asubuhi kabla ya kipindi, kuna foleni ya msosi, kuna hiace ya kushuka mjini inayosubiri kujaa, kuna umeme ukikatika na simu ina chaji. Marudio yakiisha asubuhi, jioni yote ni ya kusoma kitu kipya kwa kuelewa.

Kuna vitufe vinne: Again, Hard, Good, Easy. Ukikosa bonyeza Again. Sio Hard. Nimeona watu wazima kabisa wakikosa wanabonyeza Hard kwa huruma, na Hard kwa Anki maana yake umepata ila kwa shida, kwaiyo inaisogeza mbele kadi ambayo huijui. Siku za kawaida Again na Good zinatosha. Kuanzia mwaka 2023 Anki ina kanuni mpya ya kupanga vipindi inaitwa FSRS, iwashe kwenye mipangilio ya deki (fungu lako la kadi), acha lengo la kukumbuka kwenye 0.90, yani asilimia 90, ukishakua na marudio ya kutosha bonyeza ijipange upya kufatana na kichwa chako. Ukilipandisha lengo mpaka 0.97 ukidhani ndo utakua jiniasi, kazi ya kila siku itaongezeka sana kwa faida ndogo. Na kadi ukiikosa mara nane baada ya kuijua Anki inaiwekea alama, na inaweza kuisimamisha kufatana na mipangilio yako, usiendelee nayo hivyohivyo, kadi hiyo imeandikwa vibaya au jambo hujalielewa, ivunje au ifute.

Ukiugua au ukienda msibani ukarudi ukakuta kadi 900 zinakusubiri, usifute deki uanze upya, watu wengi wanaishia hapo. Weka mpya sifuri, jipe nusu saa kila siku, piga zilizopo mpaka ziishe. UE ikikaribia fanya hivyohivyo, mpya sifuri wiki za mwisho, ila marudio usiache, na muda mwingine wote peleka kwenye maswali ya miaka iliyopita, maana kadi hazikufundishi kuandika esei wala kupanga mawazo mbele ya mtahini.

Mtaniuliza kuhusu madeki ya tayari ya Wamarekani, kama AnKing, yana kadi zaidi ya elfu 20 na yametengenezwa kwa USMLE, mtihani wao wa leseni ya udaktari. Ni mazuri kwa sayansi za msingi, fiziolojia ya figo ni ileile Boston na Moshi, chukua kipande unachosoma wiki hiyo, sio deki zima. Ila maabara zao wanaandika sukari kwa mg/dL na sisi tunatumia mmol/L, gawanya kwa 18, na matibabu yao hayafati STG, mwongozo wetu wa taifa wa matibabu, wala dawa zilizopo famasi yetu. Na kuna vitu vya kwetu inabidi uviandike mwenyewe. Mtoto kutoka upande wa Maji ya Chai au Ngurdoto kule Arusha meno yana madoa ya kahawia, we wa hapa unatakiwa uwaze floraidi ya maji kabla hujamlaumu mama yake kwa mswaki, na ujue kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Kadi ya kuandika mwenyewe inakaa kichwani zaidi pia, maana kuiandika tayari umeshaisoma.

Huna simu nzuri? Njia hii ni ya zamani kuliko simu, mwandishi Sebastian Leitner aliielezea mwaka 1972 kwa sanduku na karatasi tu. Nunua manila stesheneri, kata vipande, boksi la viatu ligawe vyumba vitano. Kadi mpya chumba cha kwanza, unakipitia kila siku, ukipata inasogea cha pili unachokipitia kila baada ya siku mbili, cha tatu siku nne, cha nne wiki, cha tano wiki mbili, ukikosa inarudi cha kwanza popote ilipokua. Inafanya kazi vizuri tu.

Mkianza kuingia wodini, iwe hapa, hospitali za Mawenzi na Mount Meru au mkipelekwa hospitali ya Kibong'oto kuona TB, kila siku toka na kadi mbili tatu za wagonjwa uliowaona, jambo moja uliloulizwa ukakosa na jambo moja lililokushangaza. Usiandike jina la mgonjwa, namba ya faili wala kupiga picha ya x-ray yenye jina, andika tu "mama wa miaka 60, kikohozi wiki tano". Na kila kadi ya dozi iwekee tagi ya mwongozo ulikoitoa na mwaka wake, ili toleo jipya likitoka uzitafute zote kwa mkupuo uzirekebishe siku hiyohiyo, maana ukiziacha Anki itaendelea kukukumbusha dozi ya zamani kwa uaminifu uleule na we utaiandika kwenye cheti cha mtu.