Somo: Kuona na kukisia, kwa kutumia nyayo za uwanjani

Walimu wenzangu, habari za kazi. Mwanafunzi wangu mmoja niliyemuuliza ameona nini kwenye udongo alijibu, "Inaonekana kuku alikuwa anakimbizwa." Kuku mwenyewe hakumwona. Hilo "inaonekana" ndilo linalotuangusha: limebeba "ona" tumboni, ila kazi yake ni kukisia. Siku hizi nalianzia hilo.

1. Kabla ya kengele, mwagia maji kipande cha uwanja, kama mita mbili kwa mbili, ukisawazishe. Mwanafunzi mmoja apite kwa siri: atembee, asimame, aruke, atoke. Kuku wa jirani akikatiza, mwache.

2. Gawa ubao: NIMEONA kushoto, NIMEKISIA kulia. Kushoto linaingia lile tu lililopita kwenye macho, masikio, pua, ulimi au ngozi, au lililopimwa. "Unyayo una sentimita 22" ni kushoto. "Ni wa mvulana" ni kulia. Watabishana, nawe waache. Mimi nusu ya kipindi huishia hapa.

3. Kila sentensi ya kulia ivutiwe mstari hadi ile ya kushoto inayoishikilia. Ikikosa mstari, futa.

4. Wapeleke Laetoli, hata kwa picha tu. Huko kwetu Ngorongoro, mwaka 1978, kikosi cha Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, kilifukua nyayo zilizobaki kwenye majivu ya volkano yaliyolowa kisha yakaganda, zina takribani miaka milioni 3.7. Waulize: kilichoonekana ni nini? Alama za visigino, kidole gumba kilichoelekea mbele sambamba na vingine, njia ya mita 27 hivi, na hakuna alama za mikono. Kwamba waliopita walitembea wima kwa miguu miwili, hilo limekisiwa, na lina mistari mingi ya kulishika. Kwamba walikuwa mama na mwanawe? Darasa langu walitafuta mstari wakaukosa.

MASWALI

Swali: Mwalimu, harufu je? Wanangu wanasema "nasikia harufu ya wali unaungua."
Jibu: Harufu ya kuungua ni kushoto, pua imeshuhudia. Kwamba ni wali, kulia. Huenda ni maharage.

Swali: Wangu sasa wanaogopa upande wa kulia, wanadhani kukisia ni kukosea.
Jibu: Hata mimi nilipoanza niliwatisha hivyo. Wape kisa cha nyayo nyingine za Laetoli, zilizopatikana 1976. Wapo waliodhani ni za dubu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Zikafukuliwa tena, zikapimwa upya, na mwaka 2021 watafiti wakatangaza kwamba ni za jamii ya binadamu wa kale, wa aina tofauti na wale walioacha nyayo zilizofukuliwa 1978. Nyayo zilikuwa zilezile. Kilichofutwa ni sentensi ya kulia, na bila watu kuthubutu kuiandika kusingekuwa na cha kurudi kupima.

Swali: Nafundisha darasa la tatu, hawana rula za kutosha.
Jibu: Tumia kijiti na shubiri. "Shubiri moja na vidole viwili" ni kipimo, mradi uandike shubiri ya nani.

Swali: Mtoto ana joto la nyuzi 39, mama anasema ni malaria. Hii nayo?
Jibu: Nyuzi 39, kushoto. Malaria, kulia, na ndiyo maana zahanati wanamtoboa kidole kwanza.