Kubadili lita kuwa kilo: hesabu ya ndoo, sado na dumu kwa wafanyabiashara wa Mwanza

Mzigo unaonunuliwa kwa ndoo katika soko la Mwaloni, Kirumba, huweza kutozwa nauli kwa kilo siku hiyohiyo, na mfanyabiashara asiyejua kuvuka kutoka kipimo kimoja hadi kingine hulazimika kukubali hesabu ya mwenzake. Lita hupima ujazo, yaani nafasi ambayo kitu hukalia, ilhali kilo hupima tungamo, ambayo sokoni huitwa uzito, na kiunganishi cha hivyo viwili ni densiti, ambayo ni idadi ya kilo zilizomo katika lita moja ya kitu husika. Ukitaka kilo, zidisha lita kwa densiti. Ukitaka lita, gawanya kilo kwa densiti.

Kwa maji hesabu ni nyepesi, kwa sababu lita moja ni takribani kilo moja, na kwa hiyo tangi la lita 1,000 likijaa hubebesha kichanja chake tani nzima, mbali na uzito wa tangi lenyewe. Petroli ina densiti ya karibu 0.74, kwa hiyo dumu la lita 20 linalopakiwa mtumbwini kwa ajili ya injini huongeza kilo zisizopungua 14 na nusu. Dizeli, ambayo ni karibu 0.84, huongeza takribani 17.

Mafuta ya kula yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa tofauti yake ni ndogo kiasi cha kupuuzwa na ni kubwa kiasi cha kula faida. Densiti yake ni karibu 0.92, kwa hiyo lita 20 zina kilo 18.4 tu, na kilo 20 hutoa lita 21.7. Anayenunua kwa lita kisha akauza kwa kilo kwa bei ileile ya kipimo kimoja hupoteza kilo moja na zaidi katika kila dumu, na mara nyingi lawama humwangukia kijana wa dukani.

Nafaka na dagaa hazina densiti moja ya kukariri, kwa sababu kati ya punje na punje, au samaki na samaki, kuna hewa, na kiasi cha hewa hiyo hubadilika kulingana na ukavu wa bidhaa, ukubwa wa punje na jinsi chombo kilivyotikiswa. Dagaa mbichi na dagaa mkavu waliojaza ndoo ileile hawakaribiani hata kidogo kwa uzito. Hapa dawa ni kupima mwenyewe, kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Anza kwa kupima chombo kitupu. Kijaze maji hadi ukingoni, ukipime tena na utoe uzito wa chombo: kilo zinazobaki ndizo lita zake halisi, na usishangae ndoo inayoitwa ya lita 20 ikizidi hapo. Kikaushe, mimina bidhaa bila kushindilia, pitisha kijiti kilichonyooka juu ya ukingo ili kuondoa kilima, kisha pima na utoe tena uzito wa chombo. Rudia mara tatu na uchukue wastani, kwani kipimo kimoja hakitoshi kuaminiwa.

Tuseme sado (kindoo cha kupimia nafaka) ya mchele iliyosawazishwa imekupa wastani wa kilo 3.3. Mteja akitaka kilo 50, gawanya 50 kwa 3.3 upate 15.15, sado 15 zina kilo 49.5, na nusu kilo iliyobaki ni afadhali uipime kwenye mizani kuliko kuikadiria kwa kiganja. Takwimu hiyo itumike kwa mchele huo tu na kwa mkono uleule wa kusawazisha. Muuzaji akipima kwa kilima, hesabu yako haimhusu tena, na ni haki yako kuomba ndoo yake ya kwanza iwekwe kwenye mizani kabla hamjakubaliana bei. Mzigo mpya ukiingia, hasa msimu wa mvua ambapo bidhaa huja na unyevu, pima upya.